Lugalo Wapo?

Kambi ya jeshi imejengwa ili asiyehusika asiingie. Ukuta, geti, mlinzi mwenye bunduki, kibao cha kukataza picha: vyote vina kazi hiyo moja. Humo ndani hakuna mishale ya kuelekeza wageni, na nje ukimuuliza mpita njia bwalo liko upande gani, atakuangalia kwanza viatu, halafu uso, kisha atasema yeye si mwenyeji wa hapa. Sasa mtu aliyepita kwenye geti kama hilo kwa miaka zaidi ya thelathini anastaafu, familia inataka aagwe kwa heshima, na mahali palipopangwa pasifikike panatakiwa pafikiwe, Jumamosi moja, na shangazi, wakwe, wanakwaya, majirani wa Goba na babu mmoja ambaye Dar es Salaam anayoijua yeye ilishavunjwa zamani.

Mstaafu huyo alikuwa Afisa Mteule Daraja la Kwanza wa JWTZ, cheo ambacho juu yake askari hapandi tena bila kamisheni. Majenerali huagwa kwa gwaride. Katika majeshi mengi yaliyorithi mila za Waingereza, kuanzia Kenya na Nigeria mpaka India, mkubwa anayeondoka hupandishwa gari la wazi na wenzake wakalivuta kwa kamba hadi getini, watu wazima wenye nyota mabegani wakihema juani. Afisa mteule huyu hakuvutwa na mtu. Yeye alikuwa na cheti, zawadi, hotuba na pilau kwenye bwalo la masajini, na ndugu zake walialikwa waje waone alikokuwa akienda kila alfajiri tangu wengine hawajazaliwa. Tofauti iko hapo: jenerali anatakiwa kutoka tu, na gari anapewa. Ndugu wa afisa mteule wanatakiwa kuingia, na gari ni la nauli.

Kazi ya kuwaingiza alipewa binti yake wa pili, mhasibu, kwa sifa moja ambayo kikao cha familia kiliona inatosha: simu yake ina laini mbili. Akatangazwa katibu wa mapokezi. Akafungua kundi la WhatsApp, akaweka picha ya baba yake akiwa kwenye sare, akaandika kwa herufi kubwa kwamba maelekezo yote yatatolewa humo na mtu asipige simu. Simu ya kwanza iliingia kabla hajaiweka yake mezani. Ilikuwa ya mtu anayeuliza kundi hilo ni la nini.

Baba mwenyewe hakusaidia. Miaka mingi ya utumishi wake aliitumia kufundisha usomaji ramani, na msimamo wake ni kwamba binadamu akishapewa namba ya gridi hana sababu ya kupotea. Akachapa kwenye kundi tarakimu sita, bila neno la ziada. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000 tarakimu hizo hukufikisha ndani ya mraba wa mita 100 kwa 100, na kwa aliyezoea hayo ni maelekezo yasiyo na doa. Kwa ukoo ulikuwa ujumbe wa aina nyingine kabisa. Mtanzania wa leo akitumiwa tarakimu tupu na ndugu anayeandaa sherehe, anajua anachotakiwa kufanya. Baba mdogo mmoja wa Morogoro alifungua simu, akaingia kwenye malipo, akaziweka kama lipa namba, na kabla hajathibitisha, jina la mpokeaji likatokea: duka la vipuri vya pikipiki. Akarudi kwenye kundi na kuandika, "Hongera kaka kwa kufungua biashara, ila ungetuambia mapema." Pongezi zikamiminika. Hadi jioni kulikuwa na watu wawili wanaoulizia bei ya tairi.

Kadi nazo zilikuwa na lake jambo. Zilichapishwa Kariakoo na kijana mwenye kasi, akaandika "Muda: 10:00" na kuweka ua pembeni. Anayeishi kwa saa za kompyuta aliona pale saa nne asubuhi. Anayeishi kwa saa za Kiswahili, yaani watu wengine wote, aliona saa kumi jioni. Hakuna aliyekuwa na shaka, ndiyo maana hakuna aliyeuliza, na kosa likakaa juu ya makabati ya watu kwa muda mrefu limetulia. Liligundulika pale mke wa mstaafu alipomsikia jirani akipanga kwenda saluni saa sita mchana siku hiyohiyo ya sherehe.

"Utawahi kweli?" akamuuliza.

"Mbona nitakaa hata kupumzika?" jirani akajibu.

Katibu wa mapokezi akakimbilia kwenye kundi: NI SAA NNE ASUBUHI. Akajibiwa kwa madole gumba. Wenye kadi wasio na WhatsApp, ambao ndio wazee, ambao ndio wageni wenyewe hasa, hawakupata dole wala habari. Na hata hiyo saa nne ilikuwa na masharti yake. Jeshini saa nne maana yake ni kwamba saa tatu na nusu umeshakaa, umeshanyamaza, na mtoto umeshampeleka msalani, kwa sababu mgeni rasmi akishaingia hakuna tena wa kusogeza kiti.

Lakini mzizi wa fitina ulikuwa jina la kambi, Lugalo. Lugalo ya kwanza haiko Dar es Salaam. Iko Uhehe, kando ya barabara kuu inayotoka Iringa kwenda Morogoro, na ndipo Agosti 17, 1891 wapiganaji wa Mkwawa walipokivamia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Kuna mnara pale. Kambi ya Dar ilipewa jina la ushindi huo, na kabla ya hapo ilikuwa na jina la vita vya mbali zaidi: Colito, mahali huko Ethiopia ambapo askari wa King's African Rifles walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Ni kambi ambayo, tangu ipewe jina, jina lake limekuwa likiwaelekeza watu kwingine.

Na mstaafu ni Mhehe wa Kalenga. Watu wa Kalenga wana jumba la makumbusho lenye fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ukiwaambia sherehe ni Lugalo, wanakuelewa vizuri mno. Shangazi mkubwa alifurahi kwamba kijana wake, pamoja na kuzeekea mjini, kakumbuka nyumbani. Wala hakuuliza. Siku ilipofika aliamka gizani, akavaa kitenge kipya, akapanda gari, na asubuhi wakati viti vinapangwa bwaloni akapiga simu.

"Mwanangu, mimi nimeshafika. Mbona siwaoni?"

"Shikamoo shangazi. Umefika wapi?"

"Marahaba. Hapa Lugalo, kwenye mnara. Nipo na mbuzi."

Katibu wa mapokezi alikuwa amesimama kwenye geti la kambi, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kilomita zipatazo 500 kutoka kwenye mnara huo. Hata hivyo aligeuka, akatazama kulia na kushoto, akimtafuta mbuzi.

"Shangazi, hiyo ni Lugalo ya Iringa."

"Kwani ipo nyingine?"

Swali la haki kabisa. Shangazi alirudi Kalenga na mbuzi wake, na mpaka leo mbuzi huyo ana kesi. Upande wa mstaafu unasema mgeni asiyefika hatoi zawadi, lakini mbuzi aliahidiwa mbele ya watu na ahadi ni deni. Upande wa shangazi unasema zawadi ilikuwa ikabidhiwe Lugalo, yeye alikuwepo Lugalo na mbuzi alikuwepo Lugalo, asiyekuwepo ni mpokeaji. Wazee wanaipima.

Babu wa upande wa mama alipotelea mwisho mwingine wa historia hiyohiyo. Kwake yeye kambi ni Kolito, kwa kuwa alikuwa kijana wa mjini Januari 20, 1964, siku ambayo askari wa Tanganyika Rifles waliasi humo. Septemba mosi ya mwaka huo JWTZ likaundwa. Baadaye jina la kambi likabadilika, na babu hakuona sababu ya kubadilika nalo. Alisimamisha bajaji Magomeni.

"Nipeleke Kolito."

"Kolito ndiyo wapi, babu?"

"Kule walikoasi."

Dereva akakanyaga breki. "Wameasi akina nani?"

Alikuwa kijana mwenye nia njema. Kwa mawazo yake, mahali penye jina la namna hiyo, ambapo mzee aliyevaa suti anataka kufika kabla ya saa nne Jumamosi, hapawezi kuwa kwingine ila kwenye baa mpya, na baa mpya zipo Sinza. Wakazunguka Sinza wakiuliza Kolito, kila mtu akiwaonyesha mbele kidogo, mpaka wakamfikia muuza mishikaki mwenye mvi aliyecheka na kumpa babu kiti. Wale wawili waliongea habari za 1964 kwa kirefu huku bajaji inasubiri. Babu aliingia bwaloni na harufu ya mishikaki kwenye suti, na bado anamwambia kila mtu kwamba njia ya kupitia Sinza ndiyo nzuri.

Wageni wa mikoani walikuwa na balaa lao, linaloitwa Mbezi. Tangu mwaka 2021 mabasi mengi yanayoingia kwa Barabara ya Morogoro huishia kwenye Kituo cha Magufuli, na kituo hicho kiko Mbezi. Lugalo iko kwenye Barabara ya Bagamoyo, na ukiipita ukasonga mbele kidogo unaingia Mbezi pia. Ya kwanza ni Mbezi ya Louis, ya pili ni Mbezi Beach, na baina yao kuna vilima vya Goba. Mwenyeji hajisumbui kutaja jina la pili kwa kuwa yeye anajua anasema ipi. Katibu wa mapokezi, akiwa mwenyeji, aliandika: "Mkijikuta mmefika Mbezi mjue mmeshapitiliza kambi. Rudini."

Wageni wa kutoka Mbeya wakashuka Mbezi alfajiri. Wakasoma ujumbe. Wakaona kweli wapo Mbezi, bango hili hapa, kwa hiyo wamepitiliza. Kuuliza si ujinga, ila ukishapewa jibu kwa maandishi unamuuliza nani tena? Wakarudi. Walipanda gari la Kibaha wakiwa na mabegi, gunia la viazi na parachichi za zawadi, macho dirishani wakitafuta kambi. Kilichowaponza zaidi ni kwamba upande wa Kibaha nako jeshi lipo. Walifika kwenye geti, wakapiga saluti kwa mzaha, wakaomba waonyeshwe sherehe. Mlinzi wa huko alisoma kadi yao mbele na nyuma, akawaelekeza kwa upole warudi Mbezi, washike gari la kupitia Goba, na akakataa parachichi kwa sababu yuko kazini.

Waliobahatika kuanzia Mwenge walikuwa wamebakiza kizuizi kimoja tu, konda. Daladala haisimami kwenye kituo kwa kuwa kituo kipo, inasimama kwa kuwa kuna aliyejibu. "Lugalo wapo?" konda anaita, mara moja, nusu ya mwili ikiwa nje ya mlango na redio ikimshinda sauti. Ukisema "wapo" unashuka. Ukichelewa kwa sababu unatafuta kiatu, au kwa sababu ulilelewa kwamba swali lililoulizwa watu wote linajibiwa na wakubwa kwanza, yeye mwenyewe anajijibu, "Hawapo, twende," na gari linakwenda. Majirani wa Goba, mume na mke, walikuwa wamepitia kwenye soko la vinyago la Mwenge kununua zawadi, kinyago cha mpingo chenye watu wengi waliopandana mabegani. Bwana alikuwa amekipakata kama mtoto mchanga. Konda alipoita, bwana alidhani anayetakiwa kujibu ni mkewe, na mke alidhani heshima ni kumwachia mumewe. Walishuka Tangi Bovu, ambako ndiko njia ya kurudi kwao Goba inapoanzia. Sherehe ilikuwa haijaanza na wao walikuwa wameshaanza kurudi nyumbani.

Mjomba wa Songea yeye alijibu konda vizuri na akashuka panapotakiwa. Kosa lake lilikuwa fimbo. Mzee mwenye fimbo akishuka Lugalo na kusema "Naulizia ndani hapa," hakuna anayefikiria sherehe, kwa kuwa hapo ipo hospitali kuu ya jeshi, na raia wanatibiwa humo kila siku. Watu watatu tofauti, kila mmoja kwa huruma zake, walimshika mkono hadi kwenye benchi. Alikaa. Aliona watu wengi wamevaa vizuri, wamenyamaza, wanasubiri kuitwa, akaona hili jambo limepangwa kijeshi kweli. Akafahamiana na majirani wa kulia na kushoto. Zamu ilipomfikia, muuguzi akamuuliza kwa upole anasumbuliwa na nini.

"Njaa," mjomba akasema. "Tumeambiwa kuna pilau."

Tuseme sasa mgeni amefika getini. Hapo ndipo shughuli ilipoanza upya. Geti linataka orodha ya majina, na majina hayo yafanane na ya kwenye kitambulisho. Katibu wa mapokezi aliandika orodha kama ukoo unavyofahamiana: Mama Furaha. Bibi wa Kimara. Baba Mdogo wa Simba. Baba Mdogo wa Yanga. Mama Mkwe wa Kaka. Msimamizi wa geti, kijana mwenye sauti ya paredi, aliipitia mstari kwa mstari siku moja kabla, akafika kwa Baba Mdogo wa Yanga, akainua macho.

"Dada, hili ni jina?"

"Ndilo tunalomwita, afande."

"Na hapa NIDA imeandika hivi?"

Haikuwa imeandika. Ikabidi usiku huo awapigie watu wazima simu, mmoja mmoja, na kuwauliza jambo ambalo mtoto wa Kitanzania aliyelelewa vizuri haulizi.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Gauni limeshanyooshwa, usiwe na wasiwasi."

"Asante mama mkubwa. Samahani, naomba jina lako."

Kukawa kimya upande wa pili. Redio ilisikika ikizimwa.

"Jina langu?"

"La kwenye kitambulisho, mama. La getini."

"Nimekubeba mgongoni mpaka umeota meno, leo jina langu hulijui?"

Baada ya kuombwa radhi kwa utaratibu unaofaa, akataja majina matatu ambayo hakuna mtu wa familia aliyewahi kuyasikia. Mume wake, aliyekuwa karibu, alisikika akisema, "Alaa." Baba Mdogo wa Yanga alikataa katakata kutaja lake mpaka ahakikishiwe kwamba wa Simba naye ametaja la kwake. Na Bibi wa Kimara aligundulika kwamba kwenye kitambulisho amezaliwa miaka kumi na miwili baada ya mtoto wake wa kwanza, jambo ambalo katibu aliamua, kwa busara, kwamba si kazi ya mapokezi.

Orodha mpya ikapita. Asubuhi yake geti likafanya kazi yake bila ubaya wowote: jina, kitambulisho, mkoba wazi, simu mfukoni, hakuna kupiga picha mpaka bwaloni, mwendo mdogo, hakuna kukata kona. Gunia la viazi la Mbeya lilimwagwa likakaguliwa kiazi kwa kiazi, na likarudishwa likiwa limejazwa vizuri kuliko lilivyokuja. Aliyekwama ni mpwa wa mstaafu, mwanafunzi wa chuo, ambaye kwa mapenzi yake yote kwa mjomba alivaa suruali ya mabaka. Aliona ni namna ya kumuenzi. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi, au yanayofanana nayo, kuyasalimisha. Kijana alikuwa amesikia tangazo hilo, ila aliamini linahusu watu wabaya.

"Suruali hiyo umeitoa wapi?" aliulizwa.

"Mtumba, afande. Karume."

Majadiliano hayakuwa marefu. Suruali ilibaki getini, kwa hiari yake ambayo haikuwa na njia nyingine, na mpwa akaingia bwaloni akiwa na shati jeupe, tai na kanga ya mama mkubwa iliyofungwa kiunoni kwa ustadi. Kanga ilikuwa na maneno ya mafumbo kuhusu majirani. Mgeni rasmi alipita mbele yake akikagua ukumbi kwa macho, akasoma kanga mwanzo hadi mwisho, akaendelea na safari yake bila kubadilika uso, na kama kuna mafunzo ya kijeshi yaliyoonekana siku ile, ni hayo.

Sherehe yenyewe ilikwenda vizuri, na haina mengi ya kusimulia. Hotuba zilisomwa, cheti kikatolewa, mstaafu akasimama mkakamavu kisha akashindwa kidogo alipotajwa mke wake. Mahudhurio yaliongezeka kadiri muda ulivyokwenda badala ya kupungua. Wa Tangi Bovu waliingia kwenye hotuba ya pili wakiwa wamebeba kinyago mbele yao. Mjomba wa Songea alifika wakati wa keki, akiwa na namba za simu za wagonjwa wawili. Wa Mbeya walifika pilau limebaki kwenye kingo za sufuria, wakakaribishwa kwa makofi kana kwamba wametoka vitani.

Halafu, saa kumi jioni kamili, wakati viti vinakunjwa, wenye kadi wasio na WhatsApp wakatokea getini. Walikuwa kundi zima, wametulia, wamechana nywele, hawana haraka. Waliwahi. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuwaambia. Mke wa mstaafu akatazama sufuria, akatazama kadi mikononi mwao, akaagiza viti vikunjuliwe. Mchele ukatafutwa, viazi vya Mbeya vikamenywa, mstaafu akavaa tena koti, na cheti kikatolewa mara ya pili, safari hii na babu wa Kolito, aliyekuwa mkubwa kuliko wote waliobaki na hakuhitaji kushawishiwa.

Katika hiyo sherehe ya pili ndipo buruji ilipolia. Saa kumi na mbili jioni bendera inashushwa, na popote ulipo kambini unasimama kama ulivyo. Askari wote bwaloni wakaganda. Raia, wakiona hivyo, wakaganda pia, kila mmoja katika hali aliyokutwa nayo: mama mkubwa na mwiko hewani, Baba Mdogo wa Simba ameinama nusu kuelekea kwenye soda, mpwa ameshika kanga isifunguke, mtoto wa jirani na paja la kuku mdomoni asilotafuna wala kulitoa. Sauti pekee ilikuwa ya simu ya katibu wa mapokezi, laini ya pili, ikiita na kuita mfukoni. Ilipoisha bendera akapokea. Alikuwa shangazi wa Kalenga, anauliza wanamaliza saa ngapi, maana kuna gari la usiku.

Jumatatu mstaafu alirudi kambini. Mkewe alimtuma masufuria mawili yaliyobaki bwaloni. Alivaa shati la kitenge, akafika getini na mguu ukanyanyuka wenyewe kuingia, akazuiwa na kijana mgeni kabisa aliyeripoti mwishoni mwa wiki.

"Mzee, unaenda kwa nani?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Kwa miaka yote ile alikuwa hajawahi kwenda kwa mtu humo. Akapewa daftari la wageni, na kwenye safu ya mwenyeji akaandika, kwa mwandiko wa jeshi ulionyooka, "Masufuria". Kijana alisoma, akamwomba kwa adabu asubiri kwenye benchi wakati mtu anaitwa.

Kwenye benchi kulikuwa na fundi wa majokofu aliyeshuka geti lisilo lake. Alikuwa anatafuta hospitali na chaji ya simu imemwishia, hana ramani wala lokesheni. Mwalimu wa usomaji ramani akageuka, akafurahi kupata kazi.

"Rahisi tu," akasema. "Toka hapa, shika kushoto. Nenda moja kwa moja mpaka kwenye ule mwembe uliokatwa, halafu ingia."

"Mwembe uliokatwa nitautambuaje, mzee?"

"Utaona haupo."